Anaposema "nimekufa": kinachomzamisha mwanao ndani ya gemu

Leo nakuomba ufanye jambo dogo. Mwanao akiwa anacheza gemu, iwe kwenye simu yako, kwenye PlayStation ya jirani au kwenye kibanda cha mtaani, usimfokee kwanza. Simama karibu umsikilize anavyozungumza. Utamsikia akisema, "Nimekufa!" Baada ya sekunde chache, "Nimefufuka." Kisha, "Wananifuata, niko nyuma ya nyumba, njooni mnisaidie!"

Hasemi "amekufa". Hasemi kwamba kuna mtu kwenye kioo anafuatwa. Anajitaja yeye. Mtoto huyohuyo akitazama filamu, shujaa akipigwa risasi, atasema "wamempiga". Kati ya "wamempiga" na "wamenipiga" tofauti ni herufi mbili tu, lakini humo ndimo lilimo jibu la swali ambalo wazazi hunijia nalo kliniki: "Daktari, kuna nini humo ndani hata mtoto aitwe mara tano asisikie?"

Wengine huuliza kwa hasira, wengine kwa hofu. Wapo wanaodhani mtoto ameingiwa na kitu. Niwatoe wasiwasi: kinachomwingiza mtoto ndani ya mhusika wa gemu kinajulikana, kimechunguzwa, na kinaelezeka. Nami naona mzazi ana haki ya kukijua, kwa sababu uzamaji huohuo unaweza kumtuliza mgonjwa maumivu, na unaweza pia kumfikisha mtoto mgonjwa hospitalini usiku wa manane.

Kuvaa uhusika si jambo geni

Sisi tuliokua kabla ya simu za kugusa tulicheza rede, kombolela na baba na mama. Mchanga ulikuwa ugali, majani yalikuwa mchicha, na aliyekuwa mama aliwafokea "wanawe" kwa sauti ileile ya mama yake mzazi. Watu wazima nao wamo. Shabiki wa Simba au Yanga hurudi nyumbani akisema "tumewafunga", ilhali yeye hakugusa mpira. Mwigizaji akiifanya kazi yake vizuri tunasema amevaa uhusika.

Binadamu ana uwezo wa kuingia katika nafasi ya mwingine, na kwa mtoto huo ni sehemu ya kukua. Kwa hiyo mtoto anayejiona shujaa hajaharibika akili. Ila gemu imeongeza kitu ambacho ugali wa mchanga haukuwa nacho: inamjibu anayecheza, kila sekunde, bila kuchoka.

Mkono ukitii, ubongo hukubali

Mwaka 1998 watafiti wawili nchini Marekani, Matthew Botvinick na Jonathan Cohen, walichapisha katika jarida la Nature jaribio rahisi sana. Mtu aliketi, mkono wake halisi ukafichwa nyuma ya kizuizi, na mbele ya macho yake ukawekwa mkono wa mpira. Mikono yote miwili ikapapaswa kwa brashi ndogo kwa wakati mmoja. Baada ya muda washiriki walieleza kwamba wanaihisi brashi kwenye mkono wa mpira, kana kwamba ndio wao. Brashi zilipopishana, hisia hiyo ilipungua.

Funzo lake ni kwamba ubongo huamua kipi ni changu kwa kulinganisha kinachoonekana na kinachohisiwa. Vikienda pamoja, hukubali hata mpira.

Jambo linalofanana na hilo hutokea kwenye gemu. Kidole kinabonyeza, mhusika anaruka papo hapo. Ucheleweshaji mdogo sana mtu huwa hausikii. Baada ya kubonyeza mara maelfu, kidole hakifikiriwi tena. Mtoto hawazi "nabonyeza kitufe cha kuruka", anawaza "naruka". Ni kama dereva anavyosema "nimegongwa nyuma" wakati kilichogongwa ni gari.

Sasa utaelewa kwa nini mtandao ukisuasua mtoto hukasirika kupita kiasi. Kwako picha imeganda. Kwake ni kama mguu wake umekataa kwenda huku adui anakuja.

Sura aliyoichagua mwenyewe

Wazazi wengi hudhani mtoto anavutwa na picha zinazofanana na kweli. Picha nzuri husaidia, lakini si msingi. Mario, yule fundi mwenye masharubu kutoka Japani, alianza mwaka 1981 akiwa vinukta vichache vya rangi, na bado watu walisema "nimeanguka" alipoanguka. Kinachovuta zaidi ni alama ya mchezaji mwenyewe juu ya mhusika.

Chukua mfano ambao vijana wetu wengi wanaujua, Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004. Mhusika mkuu ni Carl Johnson, maarufu kama CJ. Mchezaji akimlisha CJ kupita kiasi, ananenepa. Akimpeleka mazoezini, anajaa misuli. Anamchagulia nguo, mtindo wa nywele, hata michoro ya mwilini. Baada ya wiki kadhaa, CJ wa mtoto mmoja hafanani na CJ wa mwenzake. Ni kama gauni lililoshonwa kwa vipimo vyako: hata likiwa la kitambaa cha kawaida, ni lako. (Gemu hii, nikumbushe, imetengenezwa kwa ajili ya watu wazima, na alama ya umri ipo kwenye kasha lake.)

Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayejenga nyumba kwenye Minecraft kwa miezi mitatu, au kijana anayeunda mchezaji wa mpira, akampa jina lake na urefu wake, kisha akampeleka Ulaya. Ukizima umeme ghafla, usishangae akilia kama aliyebomolewa nyumba. Kazi ya mikono yake imepotea kweli.

Kuna mbinu nyingine ya kimyakimya. Katika The Legend of Zelda ya mwaka 1986, mchezaji huanza kwa kuandika jina la kumpa shujaa, na shujaa huyo karibu hasemi neno. Mhusika asiyesema sana huacha nafasi wazi, na mtoto huijaza kwa sauti yake na mawazo yake.

Njaa tatu za moyo

Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, wametumia miongo kadhaa kueleza kwamba kila mtu ana mahitaji matatu ya moyo: kuona kwamba anaweza, kuona kwamba anaamua mwenyewe, na kuona kwamba ana wenzake. Mimi huyaita njaa tatu. Mwaka 2006 Ryan na wenzake Scott Rigby na Andrew Przybylski walichapisha utafiti kuhusu gemu hasa, wakaonyesha kwamba watu hufurahia na kutaka kurudia zile zinazoyashibisha mahitaji hayo.

Tazama siku ya mwanao kwa jicho hilo. Darasani wapo wengi, huenda yeye ni wa arobaini kati ya hamsini, na matokeo huja mwisho wa muhula. Kwenye gemu, akifanya vizuri, anapandishwa ngazi ndani ya dakika tano, kwa sauti na rangi. Nyumbani anaamriwa kuanzia alfajiri mpaka anapolala. Kwenye gemu anaamua apite kushoto au kulia. Shuleni huenda hana rafiki, au anacheka pamoja na wanaomcheka. Kwenye gemu ya kikosi, wenzake wanne wanamwita kwa jina wakimsubiri awaokoe.

Ndiyo maana kabla ya kuuliza "anacheza saa ngapi?", mimi humuuliza mzazi, "Akiwa humo, anapata nini ambacho huku hakipati?" Mara nyingi mzazi hunyamaza kidogo. Kisha husema, "Tangu tuhamie huku hana rafiki," au "Tangu afeli mtihani hajataka kushika daftari." Tukifika hapo, tumeanza kuzungumza juu ya mtoto, na gemu tumeiweka pembeni kwa muda.

Wapo watakaouliza kuhusu dopamini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na hamu na tuzo. Ni kweli, mwaka 1998 watafiti jijini London waliwapima wanaume wanane wakicheza gemu wakaona dopamini ikitolewa ubongoni. Lakini dopamini hiyohiyo hutolewa tunapokula chakula kitamu. Kuwepo kwake peke yake hakumfanyi mtoto kuwa mgonjwa.

Mhusika naye humvaa mtoto

Tumeona mtoto anavyomvaa mhusika. Je, mhusika naye humbadilisha mtoto? Kwa kiasi fulani, ndiyo.

Mwaka 2007 Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwapa watu miili ya kidijitali, wengine mirefu, wengine mifupi, kisha wakawaacha wagawane fedha kwa majadiliano. Waliopewa miili mirefu walivutia zaidi upande wao. Waliopewa mifupi walikuwa tayari zaidi kukubali mgao usio wa haki. Urefu wao halisi haukuwa umebadilika hata kidogo. Miaka miwili baadaye Bailenson na Jesse Fox waliwaonyesha watu sura zao wenyewe zikikimbia ndani ya ulimwengu wa kidijitali. Katika saa 24 zilizofuata watu hao walifanya mazoezi zaidi kuliko walioona sura zao zimesimama tu.

Je, mtoto anayeua kwenye gemu atakuwa muuaji? Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kilipitia ushahidi kikasema hautoshi kuzihusisha gemu za mapigano na vitendo vya uhalifu wa kikatili. Hata hivyo kilisema upo uhusiano mdogo lakini wa kudumu na ukali wa kawaida, kama kufoka na kusukumana. Tafsiri yangu kwa mzazi: usimwone mwanao jambazi, lakini usimwache mtoto wa miaka minane na gemu ya watu wazima.

Mwili uliosahauliwa

Sasa tufike mahali ambapo mimi, kama daktari, nasimama zaidi. Mtu akizama ndani ya mwili wa mhusika, mwili wake mwenyewe hupungua sauti. Njaa, kiu, haja ndogo, usingizi, hata maumivu, vyote husikika kwa mbali.

Kuna hospitali zilizogeuza jambo hili kuwa tiba. Katika Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, Hunter Hoffman na David Patterson walitengeneza ulimwengu wa kidijitali uitwao SnowWorld kwa ajili ya watu walioungua moto. Aliyewahi kumuuguza mtu aliyeungua anajua kwamba kusafisha kidonda ni mateso hata dawa za maumivu zikiwa zimetolewa. Mgonjwa alivalishwa miwani maalumu na vipaza sauti vya masikioni, akajikuta kwenye bonde la barafu akirusha mipira ya theluji, huku wauguzi wakiendelea na kidonda. Wagonjwa walisema maumivu yalipungua, na picha za ubongo za watu waliojitolea zilionyesha sehemu zinazohusika na maumivu zikitulia. Kadiri mtu alivyozama zaidi ndivyo nafuu ilivyoongezeka.

Ni habari njema. Lakini sasa mfikirie mtoto ambaye maisha yake yanategemea kusikia mwili wake unasema nini.

Mvulana mmoja wa miaka 13 mwenye kisukari cha aina ya kwanza aliletwa kwetu usiku amelowa jasho, akiongea maneno yasiyoeleweka. Alikuwa amechoma insulini yake ya jioni kama kawaida. Mama akaweka chakula mezani, yeye akajibu, "Namalizia mechi hii." Mechi ikazaa mechi. Kaka yake, waliyekuwa wakicheza pamoja, alimwona akitetemeka mikono na kukasirika ovyo, akadhani ni hasira za kufungwa. Kumbe sukari ilikuwa imeshuka. Alitibiwa akapona, na yuko vizuri. Lakini sukari iliyoshuka sana huleta degedege na kupoteza fahamu, na inaweza kuua.

Jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, hasira: hizo ni dalili za sukari kushuka, na zinafanana mno na msisimko wa mechi ngumu. Mtoto aliyezama anaweza asizitambue, na wenzake wakadhani ni mchezo tu. Ukiziona kwa mtoto mwenye kisukari, mwondoe kwenye gemu na umpime sukari. Kama hakuna kipimo, usingoje: kama anaweza kumeza, mpe soda yenye sukari nusu glasi hadi glasi moja ndogo, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Rudia baada ya dakika 15 kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni; mlaze ubavu na umwahishe hospitali.

Wapo wengine wa kuangaliwa kwa karibu:

Mtoto mwenye selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu. Mtoto huyu anahitaji maji mara kwa mara. Saa nne bila maji kwenye kibanda chenye joto, au usiku mzima bila kulala, vinaweza kumwamshia maumivu makali.

Mtoto mwenye kifafa. Baadhi yao, wachache, huamshiwa degedege na mwanga unaomulika na kuzimika harakaharaka. Lakini kwa walio wengi hatari kubwa ni kukosa usingizi na kuruka dawa, na gemu ya usiku huleta vyote viwili.

Mtoto asiye na ugonjwa wowote naye ana mwili. Anayebana haja kila siku anaweza kupata choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo. Anayelala saa nane usiku, asubuhi mwalimu atamwona mvivu.

Dawa iliyopita mlango huohuo

Kama kuvaa uhusika kunaweza kumsahaulisha mtoto dawa, je, kunaweza kumkumbusha? Kumewahi kupimwa. Mwaka 2006 taasisi ya HopeLab ya Marekani ilitoa gemu iitwayo Re-Mission kwa vijana wenye saratani. Mchezaji huwa Roxxi, roboti mdogo sana anayesafiri ndani ya mwili wa mgonjwa akipiga seli za saratani kwa dawa na kupambana na maambukizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha wagonjwa 375 wa miaka 13 hadi 29 katika vituo 34 vya Marekani, Kanada na Australia. Waliopewa Re-Mission walifuata dawa zao vizuri zaidi, na waliujua ugonjwa wao zaidi, kuliko waliopewa gemu ya kawaida.

Nadhani ninajua kwa nini. Kijana mgonjwa amezoea kufanyiwa: kuchomwa, kupimwa, kuambiwa. Ndani ya Roxxi, yeye ndiye anayefanya. Kidonge kinakuwa silaha aliyoishika mwenyewe.

Huna haja ya kuitafuta gemu hiyo ili utumie siri yake. Mtoto mwenye selimundu anayechagua mwenyewe chupa yake ya maji, au mwenye kisukari anayejiandikia vipimo vyake na kukueleza maana yake, naye amepewa nafasi ya mhusika mkuu katika ugonjwa wake.

Lini tuseme ni ugonjwa

Kupenda gemu si ugonjwa. Watoto wengi wanaocheza hawatafika huko. Lakini ugonjwa upo. Mei 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 1, 2022, na humo umo ugonjwa wa kucheza gemu kupita kiasi. Dalili zake ni tatu: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imetangulia mbele ya mambo mengine yote, na anaendelea au anazidisha ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 au zaidi, na imeharibu kwa kiasi kikubwa masomo, kazi, familia au afya yake.

Angalia kwamba idadi ya saa haimo. Kijana anayecheza saa tatu siku ya Jumamosi, kisha akaoga, akala na kwenda kwa bibi yake akicheka, hanitishi. Anayenitisha ni yule aliyeacha mpira, akaacha marafiki, akaacha kula na wenzake, na ambaye ukimwuliza anacheza ili apate nini hukwambia, "Nisifikirie." Huyo huenda ana sonona au hofu, ana msiba ambao hakuulilia, au anaonewa shuleni, na gemu ni mahali alipojificha. Ukimnyang'anya maficho bila kuuliza anakimbia nini, utamwacha nje peke yake.

Nyumbani ufanye hivi

Muulize wewe ni nani humo ndani. Kaa naye nusu saa, akufundishe, ukubali kufungwa. Utajua anacheza gemu ya umri gani, anazungumza na nani, na njaa gani inashibishwa.

Pangeni mwisho kabla ya kuanza. "Mechi mbili" inaeleweka na kutimizwa kuliko "nusu saa", kwa sababu mechi ina mwisho wake. Gemu nyingi za mtandaoni hazisimami. Ukimkata katikati amewaacha wenzake vitani, na hasira utakayoiona inatoka huko. Lakini mechi mbili zikiisha, zimeisha. Usiwe mzazi wa "haya, moja tena" kila siku.

Mwili kwanza, mhusika baadaye. Kabla hajashika simu awe amekula, amekunywa maji, ameenda chooni na ametumia dawa. Dawa ifuate saa ya ukutani, isifuate mechi. Mwenye kisukari akishachoma insulini ya chakula, chakula ndicho kinachofuata, bila mjadala. Chupa ya maji ikae karibu naye.

Linda usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za kulala, wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Gemu ikome saa moja kabla ya kulala, na simu ilale chumbani kwako.

Angalia umri. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aliye chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Kwa wakubwa, soma alama ya umri kabla hujalipia au kupakua.

Mfahamu mwenye kibanda. Kama mwanao ana kisukari, kifafa au selimundu, nenda ukamwambie, umwonyeshe dalili za hatari, umwachie namba yako. Wengi ni vijana waelewa, na watakupigia.

Shibisha njaa huku nje. Anayetafuta kuweza, mpe kazi anayoiweza umsifie mbele ya watu. Anayetafuta kuamua, mwache achague baadhi ya mambo yake. Anayetafuta wenzake, mtafutie timu, kwaya, madrasa, skauti au binamu wa rika lake. Ukipunguza gemu bila kuweka kitu mahali pake, atairudia kwa siri.

Ukiona dalili tatu nilizotaja, au mtoto akizungumzia kutotaka kuishi, usimsubiri abadilike mwenyewe. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu uombe rufaa kwa wataalamu wa afya ya akili. Hospitali zetu za rufaa zinao. Akizungumzia kujidhuru, nenda siku hiyohiyo.

Na kwa ninyi wenye watoto walio kwenye kliniki za kudumu, nina ombi moja. Tunapowauliza mtoto anakula nini na analala saa ngapi, tuambieni pia anacheza gemu gani, muda gani, na akiwa humo ni nani. Tutaweza kupanga saa za dawa na chakula tukijua mechi zake ziko wapi.

Tukutane wiki ijayo.